Pete ya Uchumba: Jina Kubwa Lina Faida Gani?



Tuchukue mfano wa kijana mmoja mwalimu. Amempata msichana wa kumwoa, na wazazi wa pande zote mbili wamekwisha kujuana. Mshahara unaomfikia mkononi ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Juzi aliona katika simu picha ya pete ya uchumba iliyotengenezwa na kampuni mashuhuri ya ng'ambo, bei yake shilingi 240,000. Ana akiba ya 40,000. Zilizobaki 200,000 ameamua kuzikopa katika SACCO, na wadhamini wake ni mjomba wake na mwalimu mwenzake. Mchumba wake hajui lolote, kwa sababu kijana anataka kumshangaza.

Fomu ya mkopo iko mezani. Bado hajatia sahihi.

Huenda kijana huyo ni wewe unayesoma ukurasa huu, au huenda ni mwanao. Kabla kalamu haijashikwa, tukae naye kidogo tuyapime mambo pamoja.

Pete ni ishara ya nini?

Huku kwetu ahadi ya ndoa haikuanza na pete. Ilianza na jamaa mbili kuketi pamoja: barua ya posa kwa watu wa Pwani, ruracio kwa Wakikuyu, na kila kabila kwa desturi yake. Pete ya uchumba ilikuja ikawekwa juu ya hayo, wala haikuyaondoa. Kwa hiyo anayeipima gharama ya pete aipime pamoja na mahari, safari za kwenda kwa wakwe na harusi yenyewe. Mfuko ni mmoja.

Katika Kanisa pete hii ni desturi ya zamani sana. Mwaka 866 Papa Nikolao wa Kwanza, akiwajibu Wabulgaria waliomwuliza juu ya mambo ya ndoa, alieleza kwamba mchumba humvika mwenzake pete ya uaminifu kidoleni. Uaminifu ndio uliotajwa. Hata hivyo Kanisa halimlazimishi mtu yeyote kununua pete ya uchumba. Pete zinazobarikiwa siku ya harusi ni zile za ndoa, na hizo zaweza kuwa za kawaida kabisa.

Tena Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1062, inasema kwamba ahadi ya uchumba haimpi mtu haki ya kumshtaki mwenzake ili amlazimishe kufunga ndoa. Uchumba ni wakati wa kuchunguzana kwa uhuru. Pete yenye deni kubwa huweza kuuharibu uhuru huo. Msichana akianza kuona shaka, atanyamaza kwa kufikiri, "Nitamrudishiaje mtu aliyejitia katika deni kwa ajili yangu?" Kijana naye akiona shaka, ataogopa kupoteza fedha zake. Basi wanakwenda altareni wakiwa wamefungwa na risiti.

Unanunua nini hasa?

Bei ya pete ya aina hii ina sehemu nne: dhahabu, jiwe, kazi ya fundi na jina. Yafaa uzijue moja moja.

Kwanza, dhahabu. Dhahabu safi huitwa ya karati 24, lakini ni laini mno, hivyo huchanganywa na madini mengine. Ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, na kwa kawaida hupigwa mhuri wa 750 upande wa ndani. Ya karati 9 ina asilimia 37.5, na mhuri wake ni 375. Dhahabu ya karati 18 ni ile ile, iwe imetoka Paris au imetoka kwa sonara wa Mombasa. Mwombe muuzaji mizani, na uutazame mhuri kwa macho yako.

Pili, jiwe. Hapa neno karati lina maana nyingine, nalo limewachanganya wengi. Karati ya jiwe ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2. Bei ya almasi hupanda ghafla inapofika uzito kamili, kama karati moja. Lakini almasi ya mviringo ya karati moja ina upana wa karibu milimita 6.5, na ile ya karati 0.9 ina karibu milimita 6.2. Nani kanisani ataiona tofauti hiyo?

Jua pia kwamba siku hizi kuna almasi zinazotengenezwa viwandani. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu kuzitengeneza mwaka 1954, na sasa zinauzwa kwa ajili ya pete. Si vioo. Ni kaboni ile ile, na hata sonara hawezi kuzitambua kwa macho bila vyombo. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya almasi iliyochimbwa ardhini. Ni halali kuzinunua, mradi muuzaji aseme wazi ni ya aina gani, nawe umwambie mchumba wako vivyo hivyo.

Tatu, kazi ya fundi. Hii ina thamani ya kweli. Pete iliyotengenezwa ovyo huliachia jiwe lidondoke. Chunguza kucha zinazolishika jiwe, na uulize kama fundi atakubali kuipanua au kuipunguza pete baadaye.

Nne, jina. Hapo ndipo fedha nyingi huingia. Chukua kampuni ya Tiffany ya New York. Mwaka 1886 ilitoa pete ambayo jiwe lake linainuliwa juu na kucha sita ili lipate mwanga. Ni kazi nzuri. Lakini umbo hilo limekwisha kuigwa duniani kote kwa zaidi ya miaka mia moja, na sonara hodari wa Nairobi anaweza kukutengenezea pete ya namna hiyo. Anayelipa zaidi analipia jina lililo juu ya kisanduku.

Siku ukitaka kuiuza, dhahabu itapimwa na kulipwa kwa uzito. Jiwe litapunguzwa bei sana. Jina la kampuni kubwa, ukiwa na risiti na kisanduku chake, laweza kuongeza kidogo, lakini kwa kawaida halirudishi ulicholipa. Basi usijidanganye kwamba pete ni akiba. Ni zawadi, na ipimwe kama zawadi.

Nani alikwambia mshahara wa miezi miwili?

Vijana wengi wamesikia kwamba mwanamume anayependa kweli hutumia mshahara wa miezi miwili kwa pete. Je, sheria hiyo ilitungwa na nani? Haikutungwa na wazee wetu, wala na mapadre. Ilienezwa na matangazo ya De Beers, kampuni ya almasi iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1888. Mwaka 1947 watangazaji wake wa Marekani walibuni usemi kwamba almasi ni ya milele. Katika miaka ya 1980 matangazo yake yakawa yanawatajia wanaume mshahara wa miezi miwili. Yaani muuzaji ndiye aliyempangia mnunuzi kiasi cha kutoa! Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Almasi si kibaya, lakini imetembezwa sana.

Sasa tupige hesabu

Turudi kwa mwalimu wetu. SACCO nyingi hutoza riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalobaki. Akikopa 200,000 kwa miezi 24, atalipa karibu shilingi 9,415 kila mwezi, na mwisho wake atakuwa ametoa karibu 226,000. Riba peke yake ni kama 26,000.

Tuseme harusi ni baada ya miezi minane. Malipo ya miezi 16 yatabaki, nayo yatalipwa wakiwa tayari mume na mke. Hiyo ni zaidi ya shilingi 150,000. Zitatoka wapi? Zitatoka kwenye kodi ya nyumba, unga na nauli. Kwa maneno mengine, bibi arusi atasaidia kulipia pete yake mwenyewe bila kuulizwa. Huenda mtoto wa kwanza akazaliwa pete ikiwa bado inalipwa. Na kijana akishindwa kulipa, SACCO itazigeukia akiba za mjomba na za rafiki. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Ubaya wa jambo hili si ukubwa wa bei tu. Ni kwamba uamuzi wa kwanza mkubwa wa fedha katika nyumba hii unafanywa na mtu mmoja, kwa siri. Msichana atapokea pete huku akidhani imelipwa, na atajua ukweli siku atakapoiona karatasi ya mshahara. Siku hiyo hatauliza juu ya almasi. Atauliza, "Ni nini kingine ambacho hukuniambia?"

Je, pete yenye jina ni dhambi?

La hasha. Wapo ambao inawafaa. Mtu mwenye uwezo, aliyeweka fedha zake kidogo kidogo, asiye na deni wala ada ya mdogo wake inayomngoja, na ambaye mchumba wake anaipenda kweli kazi ya fundi huyo, akiinunua hatumlaumu. Kampuni nzuri huwa na huduma: huisafisha, huirekebisha, na hutoa cheti cha jiwe. Uzuri nao ni kipaji cha Mungu. Tunachokataa ni kununua jina ili majirani wanyamaze, kwa fedha ambazo hatuna.

Asiye na uwezo huo ana njia nyingi za heshima. Pete ya dhahabu bila jiwe inatosha kabisa. Anayependa jiwe aangalie ya kwetu. Katika Taita Taveta huchimbwa tsavoraiti, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo. Ajabu ni kwamba aliyelipa jina hilo mwaka 1974 ni ile ile Tiffany tuliyoitaja. Huko Taita Taveta huchimbwa pia yakuti nyekundu. Tanzanaiti ya majirani zetu inapendeza, lakini ni laini. Kwenye kipimo cha ugumu ambacho almasi ni 10 na yakuti ni 9, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Mkono unaofua, unaosugua sufuria na kushika jembe utaichubua. Afadhali iwe hereni.

Kipimo kimoja cha kushika

Ukiniuliza pete iwe ya bei gani, sitakutajia shilingi. Nitakupa swali hili: Je, unaweza kumwambia mchumba wako, kabla ya harusi, pete iligharimu kiasi gani na fedha zilitoka wapi, bila kuinamisha uso? Ukiweza, nunua, iwe ya 15,000 au ya laki mbili. Ukiona huwezi, pete hiyo ni ghali kwako, hata kama imepunguzwa bei.

Wala usiogope kwamba kuzungumza kutaua furaha ya kushangazwa. Mnaweza kukubaliana juu ya kiasi, naye asijue pete itakuwaje wala utampa siku gani.

Nawe dada, neno kwako. Mara nyingi kijana hukimbilia deni kwa sababu alikusikia ukiisifu pete ya rafiki yako. Sema mapema unachokipenda, na sema pia usichokitaka. Msichana anayesema, "Mpenzi, nataka tuanze bila deni," amempa mwanamume zawadi kubwa kuliko pete. Na akikuletea pete ndogo aliyoilipa yote, usiifiche mkono unapokutana na wenzako.

Na mwalimu wetu afanye nini? Aiache fomu mezani, amwalike mchumba wake chai, na amweleze yote: akiba, mshahara, picha aliyoiona na mkopo aliotaka kuuchukua. Kisha wapange pamoja. Huenda wakaenda kwa sonara na zile 40,000. Huenda wakasubiri miezi sita. Vyovyote iwavyo, watakuwa wamekwisha kufanya kazi ya kwanza ya ndoa yao, kabla pete haijavikwa.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili

1. Kila mmoja wetu ana madeni gani leo, na mwenzake anayajua?
2. Tukijumlisha mahari, harusi na kupanga nyumba, kinabaki kiasi gani kwa pete?
3. Kama hakuna mtu mwingine angeiona pete hii, je, tungeichagua hii hii?
4. Tangu leo, ni kiasi gani cha fedha ambacho hakuna mmoja wetu atakayekitumia au kukikopa bila kumwambia mwenzake?

Andikeni jibu la swali la nne na mlitunze. Litawafaa hata baada ya harusi.