Mhusika Asiyekua na Mwigizaji Anayekua: Safari ya Joseph Gordon-Levitt Kutoka Futuhi ya Televisheni

Utangulizi

Katika uhakiki wa tamthilia, mhusika na mwigizaji hutenganishwa bila shida. Mhusika ni kiumbe wa sanaa. Mwigizaji ni mtu anayemvika kiumbe huyo sauti na mwili. Nje ya darasa, hata hivyo, utengano huu haudumu. Benson Wanjau alipofariki mnamo 2015, Wakenya wengi waliomboleza Mzee Ojwang', mhusika aliyemwigiza kwa miaka mingi katika Vitimbi. Ikiwa mtu mzima aliweza kumezwa na mhusika wake kiasi hicho, sembuse mtoto ambaye hadhira ilimjua kabla hajabaleghe?

Makala haya yanachunguza namna mwigizaji aliyepata umaarufu utotoni katika futuhi ya televisheni anavyoweza kuvuka na kuwa mwigizaji wa utu uzimani. Mfano mkuu ni Joseph Gordon-Levitt, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1981. Hoja inayotetewa ni kwamba kikwazo cha mwigizaji wa aina hii si uhaba wa kipawa. Kikwazo ni mgongano baina ya utanzu unaomtaka mhusika asibadilike na mwili ambao hauna budi kubadilika.

Futuhi na mhusika bapa

Futuhi ya televisheni ni mfululizo wa vipindi vifupi vya kuchekesha ambavyo wahusika na mandhari yake hubaki yale yale wiki baada ya wiki. Kila kipindi huanza kwa utulivu, huvurugwa na tukio fulani, kisha utulivu hurejeshwa kabla ya tamati. Mtazamaji hurudi juma linalofuata akitarajia kuwakuta wahusika pale pale alipowaacha.

E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, aliwatofautisha wahusika bapa na wahusika duara. Mhusika bapa hujengwa juu ya sifa moja, wala hamshangazi msomaji. Aghalabu wahakiki huuona ubapa kuwa dosari. Katika futuhi, kinyume chake, ubapa ndio nguzo: kicheko hutokana na kumtambua mhusika kabla hajafungua kinywa. Mtu mzima aweza kuubeba ubapa huo kwa miaka kumi. Mtoto hawezi, kwani sauti yake huvunjika na kimo chake huongezeka mbele ya macho ya hadhira.

Mfano wa Gary Coleman unadhihirisha hali hii kwa uchungu. Aliigiza Arnold Jackson katika Diff'rent Strokes kuanzia 1978, akiwa na umri wa miaka 10, hadi 1986. Ugonjwa wa figo ulikuwa umeuzuia mwili wake kukua inavyostahili, hivyo aliweza kuendelea kuigiza mtoto hata alipokuwa kijana. Jambo lililoufaa utanzu likawa ukuta kwa mwigizaji. Kipindi kilipokoma, hadhira iliendelea kumdai Arnold, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 Coleman alikuwa akifanya kazi ya ulinzi. Alifariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 42.

Mali na jina

Kisa cha Coleman kina upande wa pili, nao ni mali. Mwaka 1989 aliwashtaki wazazi wake na aliyekuwa mshauri wake kuhusu fedha alizochuma utotoni, na mwaka 1993 mahakama ikaamua alipwe zaidi ya dola milioni 1.2. Kesi kama hiyo haikuwa ngeni. Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin katika The Kid (1921), alimshtaki mamake na babake wa kambo mwaka 1938 baada ya kukuta utajiri wake umetumiwa. Kesi hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya California ya mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Sheria hiyo ilikuwa na mianya, na marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2000 yakaagiza asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe katika akaunti ya amana hadi atimize utu uzima.

Sheria hulinda mfuko. Haiwezi kumrudishia mtu jina lake. Kazi hiyo hubaki kuwa ya msanii mwenyewe.

Tommy Solomon: mzee katika mwili wa kijana

Gordon-Levitt aliingia katika 3rd Rock from the Sun mnamo Januari 1996, akikaribia kutimiza miaka 15. Kipindi hicho kilihusu viumbe wanne wa sayari nyingine waliokuja duniani kuwachunguza wanadamu, wakajifanya jamaa moja. Tommy, mhusika wake, ndiye mwenye umri mkubwa kuliko wote, ila alipewa mwili wa mvulana. Kicheko chake kilichipuka katika pengo hilo baina ya umbo na nafsi.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Uhusika huu, ijapokuwa ni wa futuhi, ulimfunza kijana kubeba umri aina mbili kwa wakati mmoja, tena akiigiza kando ya John Lithgow, gwiji wa jukwaa. Tunu aliyoondoka nayo mfululizo ulipokoma mwaka 2001 haikuwa umaarufu pekee, bali pia uanagenzi wa zaidi ya miaka mitano.

Hatua tatu za mpito

Hatua ya kwanza ilikuwa ukimya. Mwaka 2000 alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akasoma hadi 2004 alipoacha na kurejea katika uigizaji kwa dhati. Kutoonekana huku kuliwapa watazamaji muda wa kumsahau Tommy.

Hatua ya pili ilikuwa ukinzani. Katika Mysterious Skin (2004) ya mwelekezi Gregg Araki, aliigiza kijana anayeuza mwili wake baada ya kunajisiwa utotoni na kocha wake. Katika Brick (2005) ya Rian Johnson, aliigiza mwanafunzi anayepeleleza kifo cha aliyekuwa mpenzi wake. Wapo wanaodhani kwamba siri ya filamu hizi ni kuishtua hadhira. Dai hilo halitoshi, kwani mshtuko hupoa upesi. Ukizitazama kwa makini, utaona kwamba Gordon-Levitt hakukimbilia kuigiza wazee. Aliurudia ujana ule ule, shule ile ile, akafichua yale ambayo futuhi huyafunika: madhara, hatia na kifo. Hakuukana utoto wake wa skrini. Aliufanya kuwa duara.

Hatua ya tatu ilikuwa kurudi kwenye kicheko kwa masharti mapya. (500) Days of Summer (2009) ilichekesha kuhusu penzi lililovunjika, nayo 50/50 (2011) ikachekesha kuhusu kijana mwenye saratani. Zote mbili zilimpa uteuzi wa kuwania tuzo ya Golden Globe. Mwaka 2013 aliandika, akaelekeza na kuigiza Don Jon. Aliyewahi kusemeshwa maneno ya wengine akawa mwenye kalamu.

Wahenga walinena kwamba subira yavuta heri. Hata hivyo, subira huhitaji akiba. Mwigizaji asiye na akiba hulazimika kuukubali uhusika wa kwanza anaopewa, na mara nyingi huo ni kivuli cha ule wa awali. Kwa hiyo sheria ya mapato na ukuaji wa kisanaa si mambo mawili yaliyo mbali: ya kwanza humnunulia msanii muda wa kuutafuta wa pili.

Hitimisho

Imebainika kwamba mpito huu hutegemea utanzu, mwili, mali na uteuzi wa wahusika. Lakini kuna mshiriki wa tano, naye ni hadhira. Kila tunapomwita mwigizaji kwa jina la mhusika wake wa utotoni, twamrudisha katika nafasi aliyokwisha kuikua. Uwanja wa utafiti upo hapa nchini pia: watoto walioigiza katika Machachari ya runinga ya Citizen sasa ni watu wazima. Mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuwahakiki atafute kwanza wanachoigiza leo, na awataje kwa majina yao wenyewe.