Karoti haihamishwi
Somo la msimu: kupanda karoti kwa mbegu ndani ya lupango



Tukipita katika lupango za Musonoi tunakuta lenga-lenga, sombe, nyanya, vitunguu, hata kabeji. Karoti hatuikuti. Karoti tunainunua sokoni. Tukiuliza kwa nini, jibu ni moja karibu kila nyumba: «Karoti ya hapa inakatala.»

Sisi pia ilitukatalia. Mwaka jana kikundi chetu kilitengeneza matuta mawili ya kujifunzia. Katika tuta la kwanza tulifanya kama tunavyofanya na kabeji: tulimwaga mbegu kitaluni, miche ilipokua kidogo tukaing'oa na kuihamisha. Majani yalikuwa mazuri. Siku ya kuvuna tulitoa mizizi yenye miguu miwili, mitatu, mingine kama vidole vya mkono. Hakuna mama wa soko aliyeitaka. Katika tuta la pili tulipanda mbegu mahali pake pa kudumu, hiyo ilikuwa sawa, lakini siku ya sita wote tulikwenda matanga na hakuna aliyebaki kumwagilia. Juma lililofuata mmoja wetu akasema: «Hii mbegu ilikufaka.» Ni kweli, ilikufa. Sisi ndio tuliiua.

Kwa hiyo somo hili tumelitoa katika makosa yetu. Jambo la kushika ni hili: karoti haihamishwi. Ule uzi mdogo wa kwanza unaoshuka chini mbegu ikipasuka, huo ndio utakaokuwa karoti. Ukiukata, ukiukunja, au ukigonga jiwe, unagawanyika. Kabeji ukikosea mahali unaweza kuihamisha. Karoti itakula udongo ule ule na kunywa maji yale yale tangu siku ya kwanza mpaka inafika kwenye sufuria. Basi kazi kubwa tunaifanya kabla ya kupanda.

1. Udongo: tuangalie tunaishi wapi

Sisi wa Musonoi tunakaa karibu na machimbo. Udongo wenye shaba na kobalti nyingi si udongo wa mboga, hata kama tumeuwekea mbolea nzuri. Karoti inakaa ndani ya udongo mwili mzima, na watoto wanapenda kuila mbichi.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti walioufanya hapa Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba madini ndani ya lupango zao. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa wakaaji. Watoto ndio waliokuwa na nyingi zaidi. Hatulisemi hili kwa kuwaogopesha. Tunalisema ili tuchague mahali kwa akili.

Usipande karoti mahali hapa:
– palipochimbwa, au palipomwagwa udongo uliotoka shimoni;
– palipooshwa, kupondwa au kuwekwa magunia ya madini, hata kama ni zamani;
– pembeni ya njia ya malori yanayobeba madini, penye vumbi kila siku;
– penye vijiwe vya kijani vya malakiti au vijiwe vyeusi vya kobalti. Munavijua kuliko sisi.

Kuna na majani yanayosema. Wazee wanalijua ua la shaba, lile dogo la rangi ya zambarau linalopenda udongo wa shaba mahali ambapo majani mengine yanashindwa. Ukiliona limejaa, hapo si pa mboga. Lakini lisipokuwepo, usiseme kwamba udongo umepona. Dalili ya macho si kipimo.

Kipimo cha kweli ni cha maabara. Mtu mmoja pekee hawezi kukilipa kwa urahisi, lakini koperative inaweza kuchanga. Chukueni udongo mahali kumi katika bustani, kina cha sentimita 20, muuchanganye vizuri ndani ya ndoo safi ya plastiki, mutoe nusu kilo, muikaushe kivulini. Ulizeni Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako wanasoma udongo wa shaba tangu miaka mingi.

Na kama lupango lako liko mahali pabaya? Usilime karoti hapo, wala lenga-lenga. Afadhali ushirikiane na mwenzako mwenye mahali pazuri, mugawane kazi na mavuno. Kuosha na kumenya karoti kunaondoa vumbi na udongo wa juu. Yale yaliyokwisha kuingia ndani hayatoki kwa kisu.

2. Maji: yanatoka wapi?

Karoti inapandwa vizuri zaidi kuanzia mwisho wa mvua, mwezi wa 4, mpaka mwezi wa 7. Jua si kali sana, na hakuna mvua kubwa ya kubeba mbegu. Lakini kiangazi ni wakati wa kumwagilia, na hapo ndipo watu wanashuka mtoni na ndoo.

Tuseme wazi: maji ya mto Musonoi si ya bustani. Kwa miaka mingi mabaki ya kiwanda cha kusafishia madini yalimwagwa katika bonde lake. Tumia maji ya bomba, au ya kisima kilicho mbali na machimbo, au ya mvua uliyoyahifadhi. Kama maji yako ni machache, punguza tuta. Tuta la mita mbili lenye maji mazuri linashinda tuta la mita kumi lenye maji ya mashaka.

3. Kutengeneza tuta

Tuanze na tuta moja: upana mita 1, urefu mita 5. Chimba kina cha sentimita 30. Toa mawe, mizizi na vipande vya plastiki, vunja kila bonge. Udongo wetu mwekundu unashikana sana, kwa hiyo changanya mchanga safi na mbolea ya samadi au ya majani iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaleta majani mengi na mizizi yenye miguu. Kama huna samadi ya zamani, panda karoti mahali palipotoka kabeji uliyoiwekea samadi msimu uliopita.

Udongo wetu una uchali, na karoti haiupendi sana. Nyunyiza majivu ya kuni, makopo mawili au matatu ya kilo moja kwa tuta hili, uchanganye. Usitumie majivu ya takataka zilizochomwa na plastiki. Inua tuta sentimita 20 juu ya njia, kisha lisawazishe kwa rato.

4. Mbegu

Nunua mbegu ya kopo au pakiti iliyofungwa, uangalie tarehe. Mbegu ya karoti ikipita miaka mitatu inachoka. Nantaise ni tamu na ndefu, inataka udongo laini. Chantenay ni fupi na nene, inavumilia udongo mzito. Kuroda inavumilia joto. Kwa anayeanza katika udongo mwekundu, tunashauri Chantenay.

Kabla ya kupanda, ijaribu. Weka mbegu 20 katika kitambaa chenye maji, uzifunike kwa sahani ndani ya nyumba, kitambaa kisikauke. Hesabu baada ya siku 10 hadi 14. Zikiota 12 au zaidi, panda. Zikiota 5, usipoteze jasho lako.

5. Kupanda

Chora mistari 4 kufuata urefu wa tuta, sentimita 20 kati ya mstari na mstari, kina sentimita 1 tu. Mbegu iko ndogo sana: gramu moja inaweza kuwa na mbegu 700 hadi 1000. Kwa tuta hili gramu 2 au 3 zinatosha. Ili zisianguke mahali pamoja, zichanganye na mchanga mkavu, kopo dogo moja, kisha umimine taratibu katika mstari. Funika kwa udongo laini, gandamiza kidogo kwa kiganja, mwagilia kwa arozwari yenye matundu madogo. Kama huna arozwari, toboa kopo kwa msumari mwembamba. Usimimine kwa ndoo, juu maji yatabeba mbegu zote pembeni.

6. Majuma mawili ya kungojea

Hapa ndipo sisi tulianguka. Mbegu ya karoti inachukua siku 7 hadi 14 kutoka, baridi ikizidi inaweza kufika siku 20. Siku zote hizo udongo wa juu usikauke hata siku moja. Mbegu iliyokwisha kupasuka ikikauka, imekufa, na kuipa maji mengi kesho yake hakuifufui.

Funika tuta kwa gunia safi au majani makavu, umwagilie juu yake asubuhi na jioni. Kuanzia siku ya sita inua gunia kila asubuhi uangalie. Ukiona nyuzi za kijani, toa gunia jioni ile ile. Likibaki, miche itakuwa myembamba na meupe.

Mupange zamu. Hii ndiyo tuliyosahau. Kama kuna matanga, ndoa au safari, jirani ajue kwamba tuta linamngojea.

7. Kupunguza na kupalilia

Miche ikifika urefu wa kidole, ng'oa ile iliyobanana, ubakize moja kila sentimita 2. Baada ya majuma matatu punguza tena, ubakize moja kila sentimita 5. Wengi wanaona huruma. Mama mmoja wa kikundi chetu alisema: «Mimi siwezi kuua watoto wangu.» Alikataa kupunguza nusu ya mstari wake. Siku ya kuvuna nusu aliyoipunguza ilitoa karoti, nusu nyingine ilitoa mikia ya panya. Alitucheka, kisha akajicheka.

Ng'oa majani mabaya kwa mkono mapema. Bega la karoti likitokea juu ya udongo, lifunike, lisigeuke kijani. Mwagilia kwa kipimo kilekile: ukikausha tuta siku nyingi kisha ukalijaza maji ghafula, karoti zinapasuka.

8. Kuvuna

Baada ya siku 90 hadi 110, ng'oa moja uangalie. Mwagilia jioni, vuna asubuhi, kata majani mara moja ili yasinyonye maji ya mzizi. Mistari minne ya mita 5 ina mahali pa karoti 400. Hazifiki zote. Hata nusu ikifika, ni karoti 200 ambazo hukuzinunua. Msimu unaofuata usirudishe karoti hapo. Panda vitunguu au mahindi.

Sehemu moja uza, sehemu moja wape watoto. Karoti inaupa mwili vitamini A, ambayo macho yanaihitaji. Pika na mafuta kidogo, ndivyo mwili unavyoipokea vizuri, na iko tamu pembeni ya bukari.

Maswali ya kuzungumzia mkutanoni
– Katika lupango letu, ni wapi palipowahi kuwekwa madini? Tuwaulize wazee waliokaa hapo mbele yetu.
– Maji yetu ya kiangazi yanatoka wapi?
– Nani atashika zamu ya kumwagilia katika yale majuma mawili? Tuandike majina kabla ya kufungua pakiti ya mbegu.