Jinsi ya Kumpiga Picha Mwanamitindo Mitaani Njiru

Vijana wengi wa Eastlands jijini Nairobi wakishanunua kamera ya kwanza hupanda matatu hadi katikati ya jiji kutafuta paa la jengo refu au mandhari ya jengo la KICC. Pesa zinaishia kwenye nauli, kanjo (askari wa jiji) wanaanza kuuliza maswali, na picha zinazopatikana zinafanana na za kila mtu. Ilhali hapa Njiru, kandokando ya Barabara ya Kangundo, kuna kuta za mawe ya kijivu, mabati, mijengo ambayo haijakamilika, nganya, yaani matatu zilizochorwa ubavu mzima, na anga pana ambalo mjini hulipati. Vyote hivi vinatosha kabisa kwa mpiga picha mwenye kamera ya kawaida na lenzi moja au mbili.

Hatua ya 1: Amua picha inasema nini

Andika wazo lako kwa sentensi moja kabla ya kufikiria nguo. "Abiria wa matatu ya mwisho." "Fundi wa mawe siku ya Jumapili." Sentensi hiyo ndiyo itakayokuambia usimame wapi na mwanamitindo avae nini.

Tazama jinsi wapiga picha wenzetu wawili walivyofanya. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya, alimpiga picha mwanamitindo mwenye ualbino akiwa Kibera, katika mfululizo wa *Stranger in a Familiar Land* ulioshinda tuzo ya Discovery kwenye tamasha la Arles, Ufaransa, mwaka 2016. Mtaa una kazi katika picha zile: unamwonyesha mtu aliye kwao ambaye bado anatazamwa kama mgeni. Thandiwe Muriu wa Nairobi, katika mfululizo wake wa CAMO, ameuondoa mtaa wote, akamvika mwanamitindo kitambaa kilekile kilichotundikwa nyuma yake hadi mwili na ukuta vikakaribia kuwa kitu kimoja. Wote wawili walijua kwa nini mandhari ni hayo na si mengine.

Ninachokusihi usifanye ni kulichukua gauni la kifahari na kulisimamisha mbele ya lundo la taka au mtaro mchafu ili shida za jirani ziwe pambo la picha. Watu wanaoishi pale wanakuona, na wana haki ya kukasirika.

Hatua ya 2: Tembelea mahali mapema, ujue jua linakaa wapi

Nenda siku moja kabla, saa ileile unayokusudia kupiga picha. Simu yako ina dira. Itumie kujua kila ukuta unaotaka unatazama upande gani.

Nairobi iko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hubadilisha upande kadiri miezi inavyokwenda. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi hupita upande wa kusini, na kuta zinazotazama kaskazini hupata kivuli karibu mchana kutwa. Aprili hadi Agosti mambo hugeuka: kivuli kiko kwenye kuta zinazotazama kusini. Mpiga picha anayejua hili hatashangaa kukuta ukuta aliouchagua Januari unaunguzwa na jua mwezi wa Juni.

Jua letu pia hushuka karibu wima. Ile nuru ya dhahabu hudumu kama dakika 40 kabla ya machweo, na jua likishazama una dakika 20 hivi kabla ya giza. Mimi napendekeza asubuhi. Jua huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:40 kutegemea mwezi, vumbi la malori ya mawe bado limelala, na biashara nyingi hazijafunguliwa, kwa hiyo humzibii mtu njia. Kwa sababu Barabara ya Kangundo inaelekea mashariki, jua la asubuhi hutokea upande wa Ruai na kumulika barabara kwa urefu wake. Mpange mwanamitindo kando, mbali kabisa na lami, jua likiwa nyuma ya bega lake, na nywele zake zitapata ukingo wa mwanga.

Julai na Agosti wengi huahirisha kazi kwa sababu ya baridi na mawingu. Kwa picha za uso, hiyo ndiyo miezi mizuri kuliko yote: wingu zima linageuka kuwa taa moja kubwa laini, na unaweza kufanya kazi hata saa sita mchana.

Machimbo ya mawe ya hapa Njiru yanavutia kwa kuta zake zilizokatwa wima, lakini usiingie bila kuzungumza na wanaofanya kazi humo. Wao ndio wanaojua wapi pameporomoka na lini baruti zinalipuliwa. Machimbo yaliyoachwa yakajaa maji ya mvua achana nayo kabisa, hata kama picha inakuita.

Hatua ya 3: Bisha hodi

Ukuta una mwenyewe. Kibanda kina mwenyewe. Nganya iliyoegeshwa stejini ina dereva na makanga, nao wanajivunia michoro yake. Waulize na mara nyingi watakubali, mradi usiwacheleweshe kupakia abiria. "Shikamoo mzee, naomba kupiga picha hapa ukutani kwa nusu saa, hatutagusa kitu." "Mama, hatutakuziba wateja, tukimaliza tutanunua matunda kwako." Kisha nunua kweli. Kwenye mjengo tafuta msimamizi. Kama mtakaa sana, mjulishe pia mzee wa Nyumba Kumi, ili mtu akiuliza hawa ni nani pawe na jibu.

Hapa pia panga jambo ambalo wapiga picha wa kiume husahau: mwanamitindo atabadilishia nguo wapi? Ongea na mwenye saluni iliyo karibu, mlipe kidogo, na mtapata kioo, mlango unaofungwa na mahali pa kuacha mizigo. Mwambie mwanamitindo aje na mtu anayemwamini. Mtu huyo wa tatu atashika kibao cha kurudishia mwanga na kuangalia mkoba wakati jicho lako liko kwenye kamera. Vifaa vibebe kwenye begi la kawaida la shule.

Hatua ya 4: Mavazi

Njiru ni kijivu: mawe, kokoto, saruji, vumbi. Manjano iliyokolea, chungwa, buluu ya kung'aa na damu ya mzee husimama vizuri mbele yake. Khaki na kijivu humezwa. Masoko ya Gikomba na Mutindwa yana kila kitu kwa bei ya mitumba, na kitenge kimoja kinaweza kuwa sketi, kilemba na pazia la nyuma. Piga pasi. Kamera huona kila kunyanzi.

Hatua ya 5: Pima mwanga kwenye ngozi

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna mtu. Hupima mwanga wa fremu nzima na kujaribu kuifanya iwe ya kijivu cha wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, na kamera itapunguza mwanga hadi uso upotee. Mweke mbele ya mlango wa giza, na itazidisha hadi paji la uso liungue. Kwa hiyo chagua upimaji wa nukta moja (spot), elekeza nukta hiyo shavuni, kisha angalia grafu ya mwanga (histogram). Tatizo hili si jipya: filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa miongo mingi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi zetu zikatoka kama kivuli chenye meno. Kamera za leo hazina kisingizio hicho, na wewe pia huna.

Piga kwanza picha moja ya kadi ya kijivu, itakusaidia katika kuhariri. Kwa kuanzia: lenzi ya milimita 50 au 85, tundu la f/2.2, kasi ya 1/320, ISO 100 au 200 asubuhi yenye jua. Lenga jicho lililo karibu nawe. Ukitaka michoro ya nganya isomeke, funga tundu hadi f/5.6 na utumie milimita 35.

Jua likipanda, ingia ghorofa ya chini ya mjengo. Mweke mwanamitindo hatua moja ndani ya mstari wa kivuli, uso ukitazama nje. Anga lote linamwangazia machoni, sakafu ya saruji inarudisha mwanga chini ya kidevu, na nyuma yake nguzo zinafifia gizani. Sasa mwambie arudi nyuma hatua moja, halafu nyingine. Utaona nukta za mwanga zilizo machoni zikipungua na mashavu yakipata umbo. Simamisha pale uso unapopendeza. Kila uso una hatua yake. Kama macho bado yana kivuli, ile foamu nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni, ikishikwa chini ya kifua, itafanya kazi ya kifaa cha maelfu.

Jihadhari na vioski vilivyopakwa rangi za kampuni za simu. Ukuta wa kijani hutupa kijani shavuni, na kuiondoa baadaye ni kazi ngumu. Sogeza mwanamitindo mita mbili mbele.

Hatua ya 6: Mpe jambo la kufanya

"Tulia" na "tabasamu" hukakamaza mtu. Mpe kazi: afunge kilemba upya, ahesabu chenji, ageuke kama aliyeitwa jina na mtu anayempenda. Usimguse kumpanga, mwonyeshe kwa mwili wako. Kila baada ya muda mgeuzie kioo cha kamera ajione, kwa sababu mtu akijua anavyotokea hujisahihisha mwenyewe.

Hatua ya 7: Karatasi na uhariri

Mkubaliane kwa maandishi kabla ya kupiga picha: picha ngapi, zitakuwa tayari lini, zitatumika wapi, nani analipa nini. Akiwa chini ya miaka 18, mzazi atie sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina meno: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Wapita njia waliojitokeza nyuma, sura zao zikitambulika, waombe ruhusa au wakate kwenye picha.

Katika kuhariri, sawazisha rangi kwanza kwa kadi ya kijivu uliyoipiga picha mwanzoni. Ondoa chunusi ya wiki hii. Acha alama ya kuzaliwa na vinyweleo vya ngozi. Usimchubue mtu kwa kompyuta. Kisha mtumie mwanamitindo picha ulizochagua kabla hujaweka hata moja mtandaoni, mpe siku mbili azitazame, na atakayosema haitaki, ifute.