SOMO: KUVUTA TRELA KWA USALAMA



Wapendwa wasomaji, ukisimama kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela, hukosi kuona trekta au pikapu ikivuta trela. Nyingine zina tangi la maji, nyingine mawe ya kujenga, nyingine marobota ya nyasi ya kupeleka Isinya na Kajiado. Tunakumbuka kiangazi cha 2022, jinsi mifugo ilivyokufa na jinsi maji na nyasi vilivyotafutwa mbali. Trela ni baraka kwetu. Lakini ikifungwa ovyo inaua.

Jambo la kwanza kushika ni hili: nguvu ya kuvuta si nguvu ya kusimamisha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili za maji, bado hujahesabu trela yenyewe. Mahali tambarare gari litavuta na dereva ataona mambo ni sawa. Siku ng'ombe atakapoingia barabarani ghafla, trela isiyo na breki italisukuma gari kutoka nyuma.

Kabla ya safari

1. Soma kitabu cha gari ujue uzito linaoruhusiwa kuvuta. Usikisie.
2. Kagua pini ya kuunganishia. Kipande cha nondo si pini. Ongeza minyororo miwili inayopishana chini ya chuma cha kuvutia, ili pini ikikatika trela isiende peke yake.
3. Kwa trela ya magurudumu mawili, mzigo uzidi kidogo mbele ya ekseli. Ukizidi nyuma, trela itayumba.
4. Usisafirishe tangi lililojaa nusu. Maji hukimbia huku na huku na kusukuma gari. Kama likijaa ni zito mno, tumia tangi dogo.
5. Kagua taa, magurudumu na vioo vyekundu vya nyuma. Kama taa hazifanyi kazi, usitoke usiku. Dereva wa lori la saruji hatakuona mapema.

Njiani

Enda polepole na uache nafasi kubwa mbele yako. Kwenye mteremko, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Trela ikiyumba, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani ukiwa umenyooka. Ukifika, weka mawe kwenye magurudumu kwanza, ndipo ufungue pini.

Na watoto wetu je? Mtu yeyote asikalie chuma cha kuvutia wala juu ya tangi, hata kama ni mwendo mfupi wa kutoka shule. Akiteleza, gurudumu liko hapo nyuma yake. Wazazi, msiseme "dereva ni mtu wetu."

Amri ya Tano inahusu pia barabara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia kubwa.

Maswali ya jumuiya ndogo ndogo

1. Ni trela gani hapa kwetu haina taa au minyororo? Nani atazungumza na mwenyewe, kwa heshima?
2. Watoto wetu wanarudi vipi kutoka shule?
3. Je, tunaweza kuchangishana pesa tununue minyororo na vioo vyekundu?

Mungu awabariki na awalinde safarini.