Kuagana na Mbwa wa Nyumbani: Yampasayo Mwenye Mbwa Kuyajua Mapema

Mbwa wa nyumbani aliyelishwa vizuri na kupata chanjo zake huishi, kwa kawaida, miaka 10 hadi 13. Wenye maumbo makubwa hutangulia, na wadogo huweza kupindukia miaka 15. Mtoto aliyepokea kijibwa akiwa darasa la kwanza huwa anakaribia kuhitimu sekondari siku mbwa huyo anapokufa. Siku hiyo hujulikana tangu mwanzo kwamba itakuja, lakini ni familia chache zinazokuwa zimekwisha kuamua ataitwa nani, mwili utalazwa wapi na gharama itakuwa kiasi gani. Uamuzi hufanywa kwa pupa, machozi hayajakauka, na mteja aliye katika hali hiyo hukubali bei yoyote atakayotajiwa na ahadi yoyote atakayopewa.

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya mwenye mbwa wa mjini hapa Tanzania, hasa anayeishi katika kiwanja kidogo au nyumba ya kupanga. Anayo haki ya kuuliza na kujibiwa kabla hajatoa fedha. Wakati huohuo, mwili wa mbwa wake unabaki kuwa jukumu lake mpaka ajue kwa hakika umefikia wapi. Kitaalamu mwili huo huitwa mzoga. Tunafahamu kwamba aliyeishi na mnyama wake miaka 12 hawezi kuuita hivyo, nasi katika kurasa hizi hatutamlazimisha.

Kwanza, kichaa cha mbwa

Kabla ya kushika chochote, jiulize: je, katika siku zake za mwisho mbwa huyu aliuma mtu au mnyama? Je, alibadilika tabia ghafla, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, akayumba au kupooza taya? Je, aliwahi kuumwa na mbwa asiyejulikana? Ikiwa jibu la swali lolote ni ndiyo, usimzike na usimguse kwa mikono mitupu. Watoto na wanyama wengine wakae mbali, na afisa mifugo wa kata aitwe. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kupima ubongo wa mnyama baada ya kufa, kwa hiyo mbwa aliyezikwa haraka, au aliyeuawa kwa kupondwa kichwa, huondoka na jibu ambalo daktari angelihitaji.

Aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asingoje majibu ya maabara. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo inayookoa maisha.

Pale uamuzi unapokuwa mikononi mwako

Si mbwa wote wanaokufa kwa uzee, wakiwa wamejilaza chini ya mwembe. Wengi huugua figo au saratani, au hugongwa na gari, na daktari wa mifugo akamshauri mwenye mbwa amlaze, yaani mnyama auawe kwa sindano ili asiendelee kuteseka. Huo si ukatili. Ukatili ni kumwacha akilia usiku kucha, au kumkabidhi kijana wa mtaani akammalize kwa rungu au kwa sumu. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Kazi yenyewe hufanyika kwa hatua. Mara nyingi daktari huanza na sindano ya kutuliza, mbwa akasinzia. Kisha dawa ya usingizi ya kipimo kikubwa huingizwa katika mshipa, aghalabu wa mguu wa mbele. Mbwa hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache na moyo husimama baada ya dakika chache. Macho hubaki wazi. Huenda mkojo ukamtoka, misuli ikatetemeka, au akavuta pumzi moja mbili hata baada ya moyo kusimama. Hizo si dalili za maumivu, na daktari mwema humweleza mteja mapema ili asije akaondoka akiamini kwamba mbwa wake aliteseka. Una haki ya kuwapo na kumshika kichwa mpaka mwisho. Una haki vilevile ya kungoja nje, wala hapana wa kukulaumu.

Mtoa huduma awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, lililoundwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kuomba kuona cheti si kumdharau mtu. Wapo wanaozunguka mitaani na mkoba wa sindano, wakijiita madaktari, na bei yao huwa ya chini kwa sababu ambazo mbwa ndiye anayezilipia.

Uliza bei kabla, na uliza inajumuisha nini. Kuja nyumbani ni bei moja, sindano ya kutuliza ni nyingine, sindano ya mwisho ni nyingine, na kuuchukua mwili ni nyingine tena. Mteja anayetajiwa jumla tu, kwa simu, mara nyingi hushangazwa na nyongeza mlangoni. Omba mchanganuo uandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Ukipewa fomu ya ridhaa, isome yote kabla ya kutia saini, na hakikisha imeeleza mwili utafanywa nini baadaye. Fomu nyingi huacha nafasi hiyo wazi. Usiiache wazi.

Hapa pana jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi. Dawa inayotumika sana kwa kazi hii, pentobarbitali, haiishi nguvu mnyama anapokufa. Hubaki mwilini, na hata ardhini huweza kudumu kwa miezi mingi. Paka, mbwa koko, kunguru au tai akila nyama ya mwili huo hulewa na huweza kufa. Kwa hiyo muulize daktari jina la dawa aliyotumia, liandikwe kwenye risiti, kwa kuwa ndilo litakaloamua namna ya kuzika. Mwili wenye dawa hiyo ukizikwa kwa kina kifupi ni mtego wa sumu kwa mtaa mzima.

Saa za mwanzo

Joto letu halisubiri. Katika miji ya pwani mwili huanza kuharibika ndani ya saa chache, nasi tunashauri maziko yawe siku ileile, au alfajiri ya siku ya pili endapo kifo kimetokea usiku. Mwili hukakamaa baada ya saa tatu au nne hivi. Kwa hiyo mapema, ukiwa umevaa glovu, ikunje miguu yake kama alivyokuwa akilala, kisha umfunge katika shuka, khanga kuukuu au mkeka. Tandika gazeti au kitambaa chini yake, maana majimaji hutoka. Ukilazimika kungoja, muweke kivulini penye sakafu ya saruji, ukimzungushia barafu iliyofungwa katika mifuko. Jokofu la chakula lisitumike.

Kumzika

Mwenye kiwanja chake huzika kwake. Mpangaji hana uhuru huo: uani si kwake peke yake, na kibali cha mwenye nyumba ni lazima kiombwe, afadhali kwa maandishi. Wapangaji wenza nao waambiwe. Tumeliweka jambo hili mbele ya vipimo kwa sababu ugomvi wa mbwa aliyezikwa kwa siri hudumu kuliko harufu yake.

Shimo liwe na kina cha kutosha kuacha udongo usiopungua mita 1 juu ya mwili. Kipimo hiki si kipya wala si chetu peke yetu: Ufaransa, sheria ya mwaka 1898 ilitaka mizoga izikwe mbali na makazi chini ya udongo wa kiasi hichohicho, na mwaka uliofuata pakafunguliwa makaburi ya mbwa huko Asnières-sur-Seine, karibu na Paris, ambayo yapo hadi leo. Kuchimba kina hicho ni kazi ya nusu siku katika udongo mgumu, basi mlipe mchimbaji kwa kina alichofikia, si kwa saa alizokaa, na upime kabla ya kumlipa. Chagua mahali palipo mbali na kisima angalau mita 30, mbali na mto au mfereji, na pasipotuama maji wakati wa masika. Ukichimba ukakuta maji, hapo hapafai. Fukia, utafute pengine.

Mfuko wa nailoni uondolewe kabla ya kufukia, kwani huzuia mwili kurudi udongoni. Chokaa hupunguza harufu lakini haiharakishi kuoza kama wengi wanavyoamini. Shindilia udongo, kisha uweke mawe mazito juu. Mbwa koko na nguchiro hufukua usiku wa kwanza, si wa kumi.

Asiye na mahali pa kuzika amwone afisa mifugo au afisa afya wa kata, aelekezwe. Mwili wa mbwa usitiwe katika mfuko wa taka za nyumbani. Anayeuzoa mfuko ule ni binadamu, mara nyingi hana hata glovu, na hajui kilichomo.

Hilo latufikisha kwenye suala la usafiri. Anayekodi bajaji au kirikuu kuusafirisha mwili amweleze dereva mzigo ni nini kabla ya kupatana bei. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mtu aliyegusana na mbwa penye majimaji hulazimika kujiosha mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kumficha dereva jambo hilo ni kumdhulumu, naye ana haki ya kukataa kazi. Mchimbaji wa shimo ni vivyo hivyo.

Ukimkabidhi mtu mwingine mwili

Chukulia familia iliyokuwa na mbwa aitwaye Bobi. Analazwa kliniki jioni, na mhudumu anasema, “Msijali, tutamhifadhi vizuri.” Familia inalipa, inashukuru, inarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye mtoto anauliza Bobi yuko wapi ili ampelekee maua, na hakuna anayejua. Kliniki nayo haijui, kwa kuwa ilimpa kijana wa mkokoteni. Hapo hakuna aliyesema uongo wa wazi. Ni kwamba neno “kuhifadhi” halikuwa na maana yoyote, na hakuna aliyeliuliza.

Uliza basi: utazikwa au utateketezwa? Wapi? Na nani? Lini? Ikiwa ni kuteketezwa, fahamu kwamba huduma tatu tofauti huweza kuuzwa kwa jina hilo moja. Mwili unaweza kuchomwa pamoja na taka nyingine za hospitali, unaweza kuchomwa pamoja na wanyama wengine, au unaweza kuchomwa peke yake. Ni katika huduma ya mwisho tu ambapo mteja huweza kupata majivu ya mbwa wake, nayo ndiyo iliyo ghali. Aliyelipia hiyo aombe kuwapo, au apewe muda na mahali kwa maandishi. Majivu ya mwili ni chembe za mifupa, za kijivu au nyeupe, nzito kama mchanga mkavu. Majivu ya kuni ni laini na mepesi kama unga. Mbwa wa kilo 25 huacha majivu ya kilo 1 hivi, wala si debe.

Dai risiti ya kielektroniki, hata ukiwa na haya ya kudai karatasi mbele ya mnyama wako. Hiyo, pamoja na fomu na ujumbe wa simu, ndiyo ushahidi wako. Anza kwa kumlalamikia mtoa huduma mwenyewe. Asipokuridhisha, kosa la kitaalamu la daktari hupelekwa Baraza la Veterinari. Na kama uliuziwa huduma kwa maelezo ya kupotosha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo huo, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya mlaji.

Nyumbani baadaye

Sisi wakubwa husema “amelazwa” kwa kupunguza ukali wa neno. Mtoto mdogo asiambiwe hivyo. Atakayesikia kwamba Bobi alilazwa asiamke ataogopa kitanda chake mwenyewe. Na atakayeambiwa amesafiri atakaa getini akimngoja. Mwambie amekufa, mweleze kwa nini, na umruhusu kushika mchanga na kuutupa kaburini akitaka.

Vyombo vyake, mnyororo na matandiko viangaliwe kwa kufuata kilichomuua. Aliyekufa kwa uzee au ajali, vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Aliyekufa kwa parvo, yaani kuhara damu na kutapika kunakoshambulia zaidi watoto wa mbwa, matandiko yachomwe, na sakafu na vyombo vioshwe kwa sabuni kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, iachwe kwa dakika 10. Udongo wa uani hauoshiki hivyo, na virusi hivyo huweza kukaa humo hadi mwaka mzima au zaidi. Anayetaka kuleta mbwa mwingine kabla ya hapo asichukue kijibwa. Achukue mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo zake, na aione kadi kwanza, yenye tarehe, jina la chanjo na saini ya daktari aliyeitoa.