Kukoroma na Kukatika kwa Pumzi

Ndugu mfanyakazi, unalala usiku kucha, lakini kazini unasinzia kwenye usukani? Huo si uvivu. Hapa Tshopo watu hufikiri kwanza malale, mganga ataipima. Lakini kuna ugonjwa mwingine: koo linajifunga usingizini, pumzi inakatika, presha inapanda.

Mama, sikiliza bwana akikoroma. Akinyamaza sekunde 10 au zaidi, kisha akashtuka kama anayekabwa, fuatana naye kwa mganga: wewe ndiwe shahidi. Kipimo hufanyika mgonjwa akilala na vifaa vya kuhesabu pumzi. Ikikatika mara 5 au zaidi kwa saa, ni ugonjwa.

Matunzo: punguza uzito, acha pombe ya jioni, lala kwa ubavu. Ugonjwa ukizidi, kuna mashine ya kupuliza hewa puani, aliyoieleza Colin Sullivan wa Australia mwaka 1981.

Kumbuka: anayesinzia asishike usukani.