Heri Kujikwaa Ulimi: Somo Kutoka Madarasa ya Japani

Wahenga walisema tembea uone. Mimi nilitembea, nikaona, na mhariri amenipa ukurasa huu niwasimulie. Lakini sikuja kwa hadithi tupu. Nina somo, na mwishoni kuna mazoezi, kwa hivyo kaeni na kalamu.

Nilikuwa mwanachama wa Chama hiki cha Kiswahili nikiwa mwanafunzi papa hapa. Miaka mingi baadaye, kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2019, nilikuwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza katika mji mdogo wa mkoa wa Shimane, magharibi mwa Japani. Kazi hii si ngeni kule. Serikali ya Japani ilianzisha mpango mkubwa wa kuwaleta walimu wa aina hii mwaka 1987, na mwaka huo walikuja watu 848 kutoka nchi 4. Miji mingine huajiri yenyewe, na ndivyo nilivyoajiriwa mimi. Mgeni hafundishi peke yake. Husimama darasani pamoja na mwalimu Mjapani wa somo hilo.

Siku ya Shule

Wajapani wamefuata mfumo wa 6-3-3 tangu 1947: miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya sekondari ya juu. Mimi nilikuwa katika ile ya chini, kwa vijana wa miaka 12 hadi 15. Mwaka wao wa shule huanza Aprili na kumalizika Machi.

Ukifika mlangoni unavua viatu na kuvaa vingine vya ndani. Wanafunzi hukaa katika darasa lao, na walimu ndio wanaohama kutoka chumba hadi chumba. Saa ya chakula, wanafunzi wa zamu huvaa kofia na makoti meupe, wakawapakulia wenzao. Wali, supu, samaki na pakiti ya maziwa, vyote huliwa papo hapo darasani pamoja na mwalimu.

Halafu huja usafi. Hapo sikushangaa sana, maana hata sisi tumepiga deki hadi magoti yakaota sugu. Kilichonishangaza ni kuwaona walimu nao wameshika matambara. Tena usafi huo si adhabu ya mtu aliyechelewa. Ni kipindi katika ratiba kama vipindi vingine.

Kimya Darasani

Siku ya kwanza kiranja alipaaza sauti: "Kiritsu!" Wote wakasimama. "Rei!" Wakainama. "Chakuseki!" Wakaketi. Nikawauliza kwa Kiingereza hali zao. Wakajibu kwa pamoja kama wimbo: wazima, asante, na wewe je? Nilitaka kucheka, kwa sababu ndivyo tulivyoimba sisi darasa la kwanza mwalimu alipoingia.

Basi nikamwuliza msichana mmoja, yeye peke yake, alikula nini asubuhi. Akamgeukia jirani, wakanong'onezana, akainamia dawati. Kimya. Nikamwendea mvulana wa nyuma. Kimya. Wiki nzima ikapita hivyo. Nikadhani ati wananidharau kwa kuwa mimi ni mgeni.

Nikamweleza mwalimu mwenzangu. Hakusema mengi. Alinifungulia madaftari yao tu. Kumbe! Sarufi safi, mwandiko safi, sentensi ndefu kuliko zile nilizokuwa nikiandika kidato cha kwanza. "Jibu wanalijua," akaniambia. "Wanaogopa kukosea mbele ya wenzao."

Nyanya wa Jikoni

Sasa sikilizeni jinsi nilivyofunuliwa macho. Shule yetu ilikuwa na jiko lake, na mpishi mmoja alikuwa mama wa makamo, mcheshi kweli. Siku moja nilirudisha sinia nikamshukuru kwa Kijapani, nikamwita "obaasan". Wanafunzi waliokuwa nyuma yangu wakaangua kicheko. Nilikuwa nimekusudia "obasan", neno la kumwitia mama wa makamo au shangazi. Lakini nilivuta irabu moja, nikamfanya nyanya!

Sisi Waswahili hatupaswi kushangaa. Dawa iliyokufaa ni tofauti sana na dawa iliyokufa, kama dawa ingeweza kufa. Kata na kataa zimetengana kwa irabu moja tu.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mvulana wa nyuma, aliyekuwa bubu wiki nzima, akaja mbele akanifundisha: fupi hivi, ndefu hivi. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikarudia tena. Mpishi naye akacheka, akasema methali yao, na mwalimu mwenzangu akanitafsiria: kuuliza ni aibu ya mara moja, kutouliza ni aibu ya maisha. Si ndugu wa ile yetu ya kuuliza si ujinga?

Tangu siku hiyo nilianza kila kipindi kwa kusoma mistari mitano ya kitabu cha Kijapani cha darasa la kwanza, na wao wakinisahihisha. Makosa ya kwanza ya kila kipindi yakawa yangu. Polepole mikono ikaanza kuinuka. Siwadanganyi kwamba wote walizungumza. Wapo waliomaliza shule bila kunijibu hata sentensi moja. Lakini mvulana yule aliniletea neno moja la Kijapani kila siku, nami nikampa moja la Kiingereza, hadi Machi ya mwisho.

Ndimi Zetu Zinavyofanana

Kitu kingine kilinisaidia, nacho ni Kiswahili. Kijapani kina irabu tano kama sisi, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Neno la Kiingereza likiingia Kijapani huongezewa irabu, sawa na kwetu. Tazama:

Basi – basu
Hoteli – hoteru
Shati – shatsu
Keki – keeki
Glasi – gurasu

Unaona "hoteru"? Kijapani hakitofautishi l na r, ndiyo maana vijana wale walitatizika. Wengine huwaona wazito. Mimi niliona ulimi unaofuata sheria za nyumbani kwao, kama wetu unavyofuata za nyumbani kwetu. Tangu Aprili 2020 Kiingereza ni somo rasmi kule kuanzia darasa la tano la msingi. Lakini kuanza mapema hakutatibu hofu ya kuchekwa.

Neno Langu Kwenu

Sasa niseme lililonileta. Nikiwa kidato cha pili, katika mjadala wa chama hiki, mwenzetu mmoja alisimama akasema "kitabu yangu". Nilikuwa wa kwanza kucheka, na ukumbi mzima ukanifuata. Aliketi. Hakusimama tena kuzungumza hadi tulipomaliza kidato cha nne. Wakati huo nilijiona bingwa wa ngeli. Nililazimika kwenda hadi Japani na kuchekwa jikoni ndipo nikajua nilichomnyang'anya.

Methali husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ni kweli kwa mchongezi na mropokaji. Kwa anayejifunza lugha naomba tuigeuze: heri ajikwae ulimi leo, kesho atembee. Mwenzako akishrabu au akikosea ngeli, msahihishe kama mvulana yule alivyonisahihisha: njoo mbele, mwonyeshe, kisha mngoje arudie.

Mazoezi

1. Taja maneno matano ya Kiswahili yaliyotoka Kiingereza yakaongezewa irabu.
2. Tunga sentensi kuonyesha tofauti: (a) kufa, kufaa (b) kata, kataa.
3. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Jadili kama methali hii inamfaa mwanafunzi wa lugha.
4. Katika mkutano ujao wa chama, msimamishe mtu ambaye hajawahi kuzungumza. Msikilizeni hadi amalize.